Wembe wa Kila Ijumaa

Nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo yakipashwa moto, hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni ya nini.

Mdogo wangu Somoe alinyolewa siku ya saba, kama ilivyo desturi kwetu Ziwani, nywele zikafukiwa chini ya mkorosho. Ingeishia hapo. Lakini Shangazi Fatu, dada yake baba, alipoona miezi inapita na kichwa bado kinang'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu, alikuja na wembe.

"Nywele za mtoto huyu zimelala," alisema. "Lazima ziamshwe."

Basi kila Ijumaa asubuhi ikawa beseni, wembe na mafuta ya nyonyo, Somoe akilia mpaka kuku wanahama uwanja. Mimi nilicheka. Mama hakucheka, maana Shangazi akishafuta wembe humgeukia yeye.

"Kwetu hatuzai vipara, wifi. Umevunja mwiko gani?"

Mama alikuwa mtu wa Kitaya, wazee wake walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na hilo likatosha. Yakasemwa ya ng'ambo, yakasemwa ya uchawi. Baba, ambaye neno lake moja lingemaliza yote, alikaa akichokonoa meno. Korosho zilipokwisha kuokotwa akamwambia Mama aende kwao akaaguliwe. Mama akaondoka na Somoe mgongoni, mimi nikabakishwa. Mvua hazijaisha, Baba akaoa mke mwingine.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Kitaya kuwasalimia. Somoe alinikimbilia kichwa kimejaa mabutu ya nywele! Niliamini ni maji ya mto, nikataka hata kumchotea Shangazi chupa moja. Bibi mzaa mama alinitazama, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwelewa.

Nimeelewa juzi tu, nilipompeleka mwanangu kliniki na kipara chake. Muuguzi akasema wapo watoto ambao nywele zao huchelewa, niache tu, zitaota. Niache tu! Kumbe kule Kitaya hapakuwa na dawa yoyote. Palikosekana wembe.

Jana Shangazi alikuja kumwona mjukuu. Alimpapasa kichwa, akaguna, akaanza kufungua pindo la kanga alimofunga wembe.

"Zimelala hizi."

Nilimwondoa mwanangu mapajani mwake.

"Ziache zilale, Shangazi. Mama mlimfukuza kwa nywele mlizokuwa mkizinyoa wenyewe."