Mvua Kwanza, Bei Baadaye

Habari ya kifo chake imeletwa nyumbani kwangu na mwanawe wa kwanza, na imeletwa kwa utaratibu ambao marehemu mwenyewe angeridhika nao. Kijana alifika asubuhi, lubega limelowa umande, akakataa kiti. Akaegemea fimbo yake, akaanza. Mvua imenyesha kwao lakini ya rasharasha. Nikajibu, ee. Majani yameota upande wa bondeni. Ee. Ndama wamezaliwa, mmoja ana macho mabovu. Ee. Watoto wazima, kikohozi kimekwisha. Ee. Shanga nyekundu zimeonekana tena madukani. Ee. Nilikuwa namtazama usoni, maana nilijua hajatembea kutoka ng'ambo ya geti la hifadhi kuja kunieleza macho ya ndama. Lakini kwao habari haikatizwi. Mwisho kabisa, baada ya yote, akasema, "Na yeyo amelala." Yeyo ni mama. Nikajibu ee, halafu nikakaa chini pale pale mlangoni.

Ninyi wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikigombana na foleni ya sukari. Leo niacheni nimseme mwanamke huyu, na msinionee huruma, kwa sababu nikimkumbuka nachangamka mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kwa watu wake marehemu hatajwi jina, nami sitalitaja. Wala sikuwa nalitumia. Kimasai mtu akikupa mnyama, mnayaacha majina yenu mnaitana kwa mnyama yule. Miaka hiyo punda wake alichomwa na kisiki karibu na shamba letu hapa Karatu, nikamuuguza mpaka akasimama. Mwezi uliofuata mama huyo akateremka na kondoo jike, akanikabidhi kamba. Kondoo ndiye enker. Basi yeye kwangu akawa Paker, mimi kwake Paker, na mume wangu, ambaye hakuuguza hata kwato moja, naye akawa Paker wa bure.

Alikuwa akija kila mwezi siku ya mnada. Mnada wa Karatu wa wakati ule, jamani! Vumbi jekundu, ng'ombe wanalia, Wambulu na maharage yao, Wamasai na mbuzi wao, Wachaga na ndoo za bati, wachuuzi wa Arusha na miwani yao ya jua. Kila mtu anapiga kelele za bei. Yeye anafika na kibuyu cha maziwa mgongoni, nasema "Takwenya!" anajibu "Iko!" na hapo biashara yote inasimama. Hauzi hata kijiko cha maziwa kabla ya ilomon, yaani kutoa habari. Anaanza na mvua, anafuata majani, mifugo, watu, halafu ndipo anaingia duniani. Na dunia yake ilikuwa pana kushinda ya kwangu mimi wa darasa la pili. Ana binti aliyeolewa Ololosokwan, karibu na mpaka wa Kenya, na boma lake mwenyewe liko juu huko magari ya watalii yanakopita. Basi atakuambia mwezi huu Wajerumani ni wengi, Waitaliano hakuna, huenda kwao kuna dhiki. Atakuambia shanga za bluu zimepanda bei, na shanga zinatoka Ulaya, kwa hiyo huko Ulaya kuna jambo, au Arusha mwenye duka amekosa fedha za kigeni. Atakuambia madereva wanalia bei ya petroli, "na wakilia wao, wewe utalia kwenye chumvi." Akimaliza, ni zamu yako kutoa habari zako, naye anaitikia ee, ee, kwa adabu, hata kama habari zako ni za kuku tu.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, Karatu tulikuwa tumelewa watalii. Magari yenye mistari kama ya punda milia yalikuwa yanatoka Nairobi asubuhi mpaka jioni, na hoteli za juu ukingoni mwa kreta zinameza kila kabichi unayopeleka. Mume wangu usingizi ulimtoroka. "Mama watoto," aliniambia, "dunia nzima inakuja Ngorongoro, na inakula kabichi! Sisi tunapasua ardhi kwa mahindi ya kujaza matumbo yetu tu. Tuamke!" Yeye na wenzake wawili walikuwa wamepata pikapu kuukuu ya kusombea mboga. Fungu lake la kuinunua alitaka kulipata kwa kuuza maksai wetu. Tulikuwa na wawili tu, jozi moja, wa kuvuta plau. Nikamuuliza, tutalima na nini? Akasema tutanunua unga, kama watu wa mjini. Nikamuuliza, na kabichi ikikosa mnunuzi? Akacheka. "Mzungu ataacha kula?"

Siku ya mnada mchuuzi alikuwa amekwisha mkubalia, amesimama na fedha mkononi, na mume wangu ameshika kamba zote mbili. Mara Paker huyo, anachomoza kwenye vumbi. Mume wangu alikuwa na tamaa lakini alikuwa na adabu; Paker akianza habari huwezi kumpa mgongo. Akaanza. Mvua. "Ee," akasema mume wangu. Majani. "Ee." Mchuuzi akachezesha funguo. "Mzee, huyu mama anasoma risala ya nani? Lori langu linangoja." Paker hakumtazama hata. Ndama. "Ee." Homa ya watoto. "Ee." Akaja kwa binti yake wa Ololosokwan. Akasema akina mama waliokuwa wakiuza shanga kwa watalii mpakani wamerudi bomani, shanga zimejaa kwenye vibuyu. Vijana waliokuwa wakipigwa picha wamerudi kuchunga. Magari yanafika mpakani, yanasimama, madereva na askari wanazozana, magari yanageuza.

Mume wangu akasahau kusema ee. "Wanazozana nini?"

"Sijui. Nimeleta kilichoonekana."

"Sasa, Paker, unaniambia niuze au nisiuze?"

Akamtazama kama anayetazama mtoto aliyejikojolea kanisani. "Habari ni zangu. Kichwa ni chako. Nikikubebea na kichwa, wewe utabeba nini?"

Mchuuzi akacheka kwa nguvu. Mume wangu akaona aibu huku, akaona hofu kule, na akafanya jambo ambalo sijaona mwanamume mwingine akilifanya tangu nizaliwe: akauza maksai mmoja. Mmoja! Eti ameridhisha pande zote. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwambia, baba watoto, umeuza mguu mmoja wa suruali, na aliyenunua hawezi kuuvaa, nawe uliyebakiwa huwezi kutembea.

Haukupita muda mrefu, mpaka wa Kenya ukafungwa. Hilo mnalikumbuka wenyewe. Barabara ikanyamaza hata mbwa wakalala katikati yake. Hoteli zikabaki na wapishi wanaopikiana. Pikapu ikawa banda la kuku. Kabichi tulikula sisi, wakala ng'ombe, halafu ng'ombe wakagoma. Na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya juu ya Oldeani, shamba letu gumu kama sakafu, na maksai mmoja amesimama uani anamtafuta mwenzake. Majirani wote walikuwa wanalima, hakuna wa kuazima. Bila kulima hatuvuni, na wanangu walikuwa sita. Sasa haikuwa tena hadithi ya fedha, ilikuwa ni kula au kutokula.

Mnada uliofuata ilipofika zamu yangu ya habari nilimweleza yote, kwa utaratibu, mvua kwanza. Akaitikia ee, ee, hata kwenye lile la maksai. Hakutoa pole, akauza maziwa yake, akaenda zake. Nilichukia kidogo, kusema kweli.

Siku chache baadaye nikasikia kengele. Ni yeye, na nyuma yake dume lililohasiwa, jekundu, tumbo jeupe, bega juu ya kichwa changu. "Huyu hapa," akasema. Mume wangu akalizunguka, akacheka mpaka akashika magoti. "Paker, dada yangu, huyu ni ng'ombe wa Kimasai! Hajui nira. Hajawahi kuona plau tangu mama yake amzae."

"Ana shingo, hana?"

"Anayo."

"Sasa unacheka nini?"

Yeye alidhani kulima ni shingo tu, na mume wangu hakuwa na cha kuchagua. Tukamfunga. We! Dume lilipohisi mti shingoni na chuma kinakwaruza nyuma, lilipiga kelele likaondoka. Likaondoka na nira, na plau, na maksai wetu mzee wa watu akiburutwa pembeni kama begi, na mume wangu ameng'ang'ania mpini anapaa. Vikapita kwenye migomba, vikavuka mtaro, vikaingia shamba la pareto la jirani yangu, maua meupe yanaruka kila upande. Jirani akatoka na mwiko mkononi. "Ninyi mnalima au mnaposa? Watu wazima! Mlaaniwe!" Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, siwezi kusema kipi kilitangulia.

Ndipo Paker akaita. Sikumsikia akipaza sauti sana. Aliita kama wanavyoita ng'ombe jioni, akaimba kidogo, na lile jitu likasimama katikati ya pareto, masikio mbele, likamfuata taratibu mpaka mpakani mwa shamba letu. Hapo akasimama yeye. Niliona shida yake usoni. Wale watu wake hawachani ardhi. Majani kwao ni kitu cha kuapia, na kuyafukia chini ya udongo ni uchafu. Alikuwa amenitania miaka mingi kwamba sisi Wambulu tunaishi kwa kujeruhi nchi. Akatazama mawingu. Akanitazama mimi. Akainama, akang'oa konzi ya majani mabichi, akaishika mkononi, akaniambia, "Mimi nitatazama mbele. Yanayotokea nyuma yangu siyajui."

Akaingia shambani. Akatangulia mbele ya dume lake akiliimbia sifa, pembe zake, rangi yake, mama yake na nyanya yake, na dume likafuata sauti, maksai wetu akafuata dume, plau ikafuata, mume wangu akafuata plau. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Watu walijaa ukingoni kama sikukuu ya kipaimara. Jirani mwenye pareto naye akaja na mwiko wake, akaanza kuitikia wimbo bila kujua maneno. Tulilima hivyo mpaka mvua ikatupiga migongoni, ikabaki pembe moja ya shamba, ile nikaimaliza mwenyewe kwa jembe la mkono naye amenipa kisogo, anakunywa chai kwa heshima ya macho yake.

Jioni mume wangu akafungua nira, akamkabidhi kamba. Hakuipokea. "Huyu amekwisha kuwa Mmbulu," akasema. "Nikirudi naye wenzake watamcheka. Abaki." Akanigeukia mimi, akaniita Pakiteng. Enkiteng ni ng'ombe. Sikuwa Paker wa kondoo tena! Nilipiga vigelegele peke yangu kwenye mvua, mtu na wajukuu wawili tayari.

Mwaka ule tulikula. Na yule dume alilima mpaka akazeeka.

Sasa gazeti hili kila mwisho wa mwezi lina ukurasa wa wataalamu wa masoko ya dunia: dola imefanya hivi, dhahabu imefanya vile, kahawa huko Landani imeamka au imelala. Mjukuu wangu wa chuo cha biashara, yule niliyekwisha wachosha kwa kumsifu na bado sijaanza, hunisomea mstari kwa mstari. Naupenda ukurasa ule, sisemi uongo. Naupenda kwa sababu ni ilomon. Juzi nikamweleza juu ya rafiki yangu, akaniambia, "Lakini bibi, yeye dola hakuijua." Ni kweli, hakuijua. Na kuhusu ng'ombe na nira alikosea vibaya, muulizeni mwenye pareto. Lakini siku hizi maduka yamefunguka, vitenge vimerudi, shilingi inashuka ngazi mbilimbili, na watu wananisimamisha njiani wakiuliza waweke wapi kidogo walichonacho: bati, kiwanja, ng'ombe, pikapu? Wanaanza na bei. Mwanzo mbaya. Bei ni mkia, na mkia hauwezi kukuambia mnyama ana njaa. Anza na mvua, uliza majani, uliza watu wa mpakani wanafanya nini mchana, na usimkatize anayekueleza kwa kuchezesha funguo. Halafu amua kwa kichwa chako, na ukiamua, amua jozi nzima.

Na lingine ni hili. Fungu la mume wangu liliozea kwenye pikapu. Kondoo hakuoza, wala ile kazi ya kumsafisha punda kidonda. Ukipata kitu, weka sehemu yake kwa mtu, mtu mwenye miguu, ambaye siku mambo yakiharibika anaweza kuteremka mlimani akikuvutia ng'ombe.

Yule kijana alipomaliza habari zake, na mimi nimekaa chini mlangoni, alingoja. Nikafuta uso kwa kanga. Akachuchumaa ili macho yetu yalingane, akasema, "Pakiteng, na kwenu je? Soko likoje?"

Nikanyoosha mgongo, nikamwambia, "Huku Karatu mvua imeanza."

"Ee," akasema.