Saksafoni ya Kabatini

Tuelewane kwanza: Mselem si wa kubahatisha. Kazi yake ni fundi makochi, karakana yake iko Troyeville, mji mmoja na Soweto, lakini ukimwita "yule Mtanzania mwenye filimbi" mkewe Tabia atakuwakia palepale. Filimbi gani? Ile ni saksafoni, tena tenor, ile kubwa ya sauti nzito, na alitoka nayo Tanga akiipakata kwenye mabasi siku nne nzima.

Chumba chao cha mtaa wa La Rochelle, mjini humohumo, kina kuta nyembamba, jirani akikohoa unampa pole. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja Mselem amefanya mazoezi kwa kuufungua mlango wa kabati na kulizamisha domo la saksafoni katikati ya madera ya Tabia, nguo zimeze kelele. Akazoea kupuliza kwa upole, pumzi nyingi, sauti kidogo, mpaka noti inatoka kama mtu anayekupa siri yake. Kuna siku Tabia alisimama na sufuria mkononi akalia. Hakumwambia.

Sasa, kule Soweto kuna klabu ya wazee wa jazi wanaokutana Jumapili mchana, suti zimenyooka, viatu vinang'aa. Solo za zamani, zile za mpigaji mmoja peke yake, wanazijua noti kwa noti. Bendi yao ilikuwa inatafuta mpiga tenor, na nafasi hiyo Mselem alikuwa akiiota miaka. Ila wazee wale hawapigi makofi. Solo ikiwaingia, mmoja huinuka akaicheza peke yake kwa miguu. Asipoinuka mtu, basi, usirudi tena.

Zamu yake ya kujaribiwa ilipofika, masikini, mazoea yakamponza. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akawapa watu mgongo, akalichomeka domo la saksafoni kwenye pazia.

"Eish! Anapigia pazia!" Ukumbi ukacheka.

Tabia, aliyekuwa amemsindikiza, alisikia masikio yakimwaka moto. Akapaza sauti kwa Kiswahili, na liwalo na liwe: "Baba Samira! Geuka!"

Akageuka, jasho linamtiririka. Lakini sauti hakuongeza ng'o. Akapuliza vilevile, chini kwa chini, mpaka mpiga ngoma akaona haya, akaweka vijiti na kuchukua brashi laini za kupigia taratibu. Wazee wakaanza kuinama mbele ili wasikie. Mstari wa pili Mselem akaiacha solo wanayoijua. Pale walipongoja noti nyingi za mbio akaweka moja tu, akaivuta, akaiacha ikwaruze kidogo, akanyamaza.

Hakuinuka mtu. Tabia aligeuza shingo huku na huku. Jamani, hamna masikio?

Ndipo Bra Moffat, yaani Kaka Moffat, mwenyekiti wa klabu, mzee wa miaka themanini aliyekwisha kuwarudisha nyumbani wapigaji watatu, akamkabidhi jirani yake fimbo ya kutembelea na kuinuka. Hatua moja. Ya pili. Mselem aliponyamaza tena, mzee naye akabaki na mguu mmoja hewani, akimngoja. Noti ikarudi, mguu ukashuka nayo. Akainuka wa pili, wa tatu, kisha safu nzima.

Mama mmoja akamgusa Tabia begani, akamuuliza yule ni nani.

"Mume wangu!" Tabia alisimama, mtandio umemwanguka. "Mume wangu huyo! Mtazameni vizuri!"

Akaketi. Hakuweza kukaa. Akasimama tena.