Kasyoka Awaapisha Wagonjwa

Mutie alikuwa tarishi wa mahakama ya wazee kule Kikima. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuwaita wenye kesi, na kwa koo lake alijulikana mpaka Nunguni. Mkewe, Syombua, alifunga vidonda katika zahanati ya misheni ng'ambo ya bonde. Wote wawili walitoka asubuhi wakarudi jioni, jambo ambalo majirani wa miaka ile ya thelathini waliliona kichekesho. Shida ilikuwa binti yao Kasyoka, aliyetoka shule saa sita mchana akiwa na nguvu zote za kuvunja vitu.

Nyanyake, Nzilani, aliombwa amtunze. Akasema ana ngoma zake za kilumi, zile za kupunga pepo, za kucheza, na kulea alishalea. Basi wakapatana: leo mtoto ashinde mahakamani kwa babake, kesho zahanatini kwa mamake.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Kasyoka alipomwona mtu akiapishwa kwa kithitu, kile kiapo cha Wakamba ambacho ukikila kwa uongo unaanza kuaga jamaa zako. Kitu chenyewe kilikuwa kimefunikwa, na watu wazima walikitazama kwa pembe ya jicho. Kasyoka alikipenda sana.

Kesho yake, Syombua akiwa ndani anachemsha bendeji, mtoto alijitokeza mbele ya foleni ya wagonjwa amekumbatia furushi la majani ya mgomba. Akaita kama babake: "Nzioka, simama. Apa hapa kwamba tumbo linakuuma kweli."

Nzioka alitazama furushi, akatazama njia ya kwenda kwake. Siku hiyo chifu alikuwa akikusanya wanaume wa kuchimba barabara, na cheti cha zahanati ndicho kilichomwokoa mtu. Akasema tumbo limepoa. Aliyemfuata akakumbuka kwamba mguu wa kuchechemea ulikuwa ule mwingine. Syombua alipotoka na bendeji zake alikuta amebaki bibi kizee mmoja, kiziwi, ambaye kweli alikuwa mgonjwa.

Mmishonari mwenye zahanati alikuja mbio. Kithitu, kwenye ua wa misheni! Akalifungua furushi kwa ncha ya mwavuli. Ndani mlikuwa na kiazi kitamu cha kuchoma, kimeumwa nusu. Hata hivyo akasema mtoto asirudi.

"Baba Kasyoka," Syombua alisema jioni, "mimi nilimzaa, wewe ukamfundisha. Sasa shinda naye."

Mutie akawa anakwenda naye mahakamani kila siku, kwa sharti kwamba asifungue mdomo. Sharti lilidumu mpaka Mutie aliposhikwa na mafua, sauti ikakauka. Alimwita mwenye kesi mmoja, Ndolo, mara tatu, na Ndolo, aliyekuwa sokoni akipatana bei ya mbuzi, hakugeuka. Kasyoka akamwita mara moja. Ndolo akaja na mbuzi asiye wake.

Mzee Kiilu, mkuu wa mahakama, alifikiri kidogo. "Mutie, keti," akasema. "Mwache anayesikika aite."

Mutie aliketi nyuma, roho ikimuuma. Kisha akagundua kwamba benchi lile lilikuwa na kivuli, na ukuta wa kuegemea. Kesi ya pili haikuisha kabla hajaanza kukoroma. Alishtuliwa na sauti kali ya binti yake ikiita jina lake, na kabla hajajua yuko wapi alikuwa amesimama mbele ya wazee, mikono nyuma, akikana mashtaka yote.