Supamaketi Nyuma ya Ukuta Wetu

Habari ya supamaketi niliipata kwa mwenye duka la pembeni, asubuhi moja nilipopita kununua majani ya chai. Nafundisha shule ya msingi huko Ganjoni, na kila siku kabla ya kushika njia hupita kwake kwanza. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, aliyelirithi duka lile kwa babake, na babake alilirithi kwa babake pia. Kimvita chake kilikuwa safi kuliko changu. Siku ile hakuniuliza hali ya mama kama desturi yake. Alinifungia majani kwenye karatasi, akainama juu ya meza, akasema polepole, "Mwalimu, ghala la nyuma yenu limeuzwa. Wataka kutia supamaketi."

Ghala hilo nalijua tangu utotoni. Zamani liliwekwa karafuu, baadaye viti na mahema ya harusi, halafu likafungwa likabaki na popo. Nyumba yetu na ghala zimeegemeana, ukuta ni mmoja. Upande huu ndipo alipozaliwa mamangu, na upande ule ndipo wangetia majokofu na jenereta. Nilisimama pale dukani na kifungu changu cha majani mkononi, nikaanza kuhesabu nyufa za ukuta wetu kichwani.

Mtaa mzima ulikuwa na wasiwasi hata kabla ya habari hiyo. Katika vichochoro vyetu nyumba tatu zilikuwa zimenunuliwa miaka ya karibuni, zikapakwa chokaa upya, zikawa nyumba za kulaza wageni. Wapangaji walipewa barua za kuhama. Watu tuliosoma nao chuo cha Kurani, tuliopelekeana sahani za futari, walikwenda Kisauni na Likoni, na sasa tukikutana ni kwenye matanga. Kwa hivyo majirani walipokutana kuzungumzia ghala, hakuna aliyezungumzia sukari na mchele peke yake. Kila mmoja alikuwa akijiuliza barua ya kwake itakuja lini.

Waliamua iandikwe barua ya pingamizi ipelekwe kaunti, na kazi hiyo nikapewa mimi. "Wewe ndiwe mwalimu," walisema, "na mwandiko wako wasomeka." Nilikubali kwa furaha. Niliandika juu ya malori yasiyoweza kupita vichochoroni, juu ya mtikisiko wa jenereta kwenye nyumba za mawe zilizoshikwa na boriti za zamani, juu ya duka la pembeni ambapo mtu ananunua robo ya sukari na vitunguu viwili bila kuonekana maskini. Nilijiona mtu wa maana.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mkutano wa mtaa, kakangu alikuja kutoka Tudor. Yeye ni karani wa mambo ya forodha bandarini, mtu wa haraka haraka, na kwa kawaida huja Ijumaa baada ya swala. Siku hiyo hakupanda juu kumsalimia mama. Aliketi chini, kwenye baraza la ndani ya mlango, akanipa karatasi.

"Wataka na nyumba yetu," alisema.

"Akina nani?"

"Wenye ghala. Kule kwao hakuna mlango wa kushushia bidhaa, gari haifiki. Sisi twatazama barabara. Wakiipata nyumba hini, watatoboa ukuta, mambo yamekwisha. Bila sisi, hiyo supamaketi yao itakuwa duka tu."

Nilimwambia kwamba barua ya kuipinga nimeiandika mimi, kwa mkono wangu. Alicheka, si kwa ubaya.

"Najua. Lakini mwezi uliopita nani alimwokota mama kwenye ngazi? Si wewe? Mvua ikinyesha mwalala vipi humu, na ndoo nne sakafuni? Kule Tudor kuna nyumba ya chini, haina hata kidato kimoja. Magoti ya mama yamekwisha, dadangu. Hao majirani watakuja kumbeba?"

Yote hayo yalikuwa kweli. Nyumba ni ya urithi, ya mama, kakangu na mimi, na haiuziki bila sahihi zote. Nikamwuliza kama mama anajua.

"Sijamwambia. Tia sahihi wewe kwanza, halafu tumwendee pamoja."

Ningemrudishia karatasi yake pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Sikumrudishia. Nilimwambia aniache nifikiri, nikaipandisha juu, nikaificha katikati ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikiyasahihisha.

Siku zilizofuata nilizunguka na orodha ya sahihi. Kila mlango niliobisha nilikaribishwa. Mtu akiniuliza "habari za nyumbani," nilitafuta maana nyingine ndani ya swali. Mwenye duka alitia sahihi wa kwanza, akaniuliza, "Na nyinyi?"

"Sisi tutatia mwisho," nilisema, "maana barua iko kwetu."

Alinitazama kidogo, akarudi kupima pojo za mteja.

Aliyenitaabisha zaidi ni mpangaji wetu. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyeishi na watoto wake wawili kwenye vyumba vyetu vya orofa ya juu. Alikuwa akifanya usafi kwenye zahanati, kibarua cha siku kwa siku. Nilipomletea orodha alinipa kiti, akaisoma barua yote, kisha akanirudishia.

"Usinichukie, Mwalimu, lakini siwezi kutia," alisema. "Hiyo supamaketi mimi naitaka. Wakiajiri watu, nitaomba. Nimechoka kuamka bila kujua kama leo kuna kazi."

"Sikuchukii," nilijibu, na nikashuka ngazi upesi. Sikuweza kumtazama usoni. Alikuwa akiitakia heri supamaketi, na kama ningetia sahihi karatasi ya kakangu, wa kwanza kutolewa nje angekuwa yeye na watoto wake. Mimi nilijua, yeye hakujua.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya alasiri, kwenye ukumbi wa chini wa madrasa. Mama alisisitiza kuja. Tulimshusha ngazi kidato kwa kidato, tukampa kiti karibu na mlango. Wenye ghala walimleta msemaji wao, bwana wa makamo, mpole, mwenye kitabu kidogo cha kuandikia. Alisalimia kwa adabu, akaeleza juu ya kazi kwa watu wa mtaa na bei nafuu, akaahidi kwamba sura ya ghala haitaguswa. Halafu nikaitwa nisome barua. Niliisoma. Nilipofika kwenye maneno "sisi wenye mtaa huu hatutauza" niliomba maji, nikamaliza.

Watu walipokuwa wakiitikia, mpangaji wetu alisimama nyuma.

"Naomba kuuliza," alisema. "Zile nyumba tatu zilizouzwa, ziliuzwa na nani? Hawa mabwana hawakuja na bunduki. Waliuza wenyewe wenye nyumba, na waliotolewa ni sisi wapangaji. Sasa leo mnasema mtaa, mtaa. Kuna mtu hapa aliyeletewa karatasi ya kuuza? Aseme, tumjue."

Nilitazama barua yangu mkononi kana kwamba kuna mstari nimeuruka. Nilijiambia, sema sasa, na mdomo haukufunguka. Bwana yule wa kampuni alikuwa ameinamia kitabu chake, na nilijua kwamba anajua, na kwamba anangoja kuona nitafanya nini.

"Mimi nimeletewa," ilisema sauti karibu na mlango.

Alikuwa mama.

"Kusema kweli sikuletewa mimi," aliendelea, bila kusimama. "Mwanangu alimletea dadake. Mimi nilikuwa natafuta miwani yangu kwenye madaftari, nikaiona. Sijatia sahihi, wala binti yangu hajatia. Lakini nisiwadanganye. Magoti yaniuma, na nyumba yavuja. Siku mbili hizi nimekuwa nikifikiri kutia. Sasa mmejua."

Zogo lililozuka sikumbuki maneno yake. Nakumbuka jirani mmoja aliyetia sahihi kwenye orodha yangu siku iliyotangulia akisema kwa sauti, "Na barua katuandikia yeye!" Nakumbuka mwenye duka akiinua mkono mpaka watu wakatulia kidogo, akasema, "Barua ni ya kweli, hata aliyeiandika akiwa na shaka. Ipelekeni." Ndipo mpangaji wetu akatoka nje bila kututazama.

Tukarudi nyumbani mimi na mama, yeye amenishika mkono kwa nguvu kuliko alivyohitaji.

"Mbona hukuniambia?" aliniuliza.

"Na wewe mbona hukuniambia kwamba umeiona?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."



Jioni ile, baada ya magharibi, mpangaji alishuka akasimama mlangoni kwetu. Hakukubali kuketi. "Mama," alimwambia mamangu, "mngeniambia lini?" Mamangu alinitazama mimi. Mimi nikasema samahani, na nilivyolitamka neno lile lilisikika dogo sana. Alitikisa kichwa, akapanda kwake, na kwa wiki nyingi alinipita kwenye ngazi kwa "habari" na "nzuri" basi.

Wiki ile mama alimwita kakangu. Alimrudishia karatasi ikiwa haina sahihi, kama ilivyokuja.

"Nyumba hini siuzi na mimi ni hai," alimwambia. "Lakini ngazi nazo sipandi tena. Nataka chumba cha chini, kile chenye masanduku. Wewe ndiwe mwanamume, tafuta fundi atengeneze na dari."

"Mama, nyumba itawaangukia."

"Ndiyo nikasema utafute fundi."

Kakangu aliondoka bila kumaliza chai yake. Kwa siku kumi simu yangu hakuipokea, nami nilikuwa nikifundisha hesabu huku nikiwaza kwamba tumempoteza. Halafu Jumamosi moja akatokea na mafundi wawili na mkokoteni wa boriti mpya, hakunisalimia, akavua shati, akaanza kutoa masanduku. Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Mama alipompa maji, alimbusu mkono, kisha akaniambia mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, "Shika hapa."

Barua ilikwenda kaunti. Jibu lilichelewa, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na uvumi wake. Lilipokuja liliwaruhusu kufungua, kwa sharti kwamba kuta za nje zisiguswe na bidhaa zisiletwe kwa malori. Kwa hivyo supamaketi ikafunguliwa, ndogo kuliko walivyotaka, na bidhaa zaletwa kwa mikokoteni na tuktuk. Majirani wengine walisema tumeshinda, wengine wakasema tumeshindwa. Usiku umeme ukipotea, jenereta yao huwaka, na vikombe vyetu kwenye kabati huanza kugongana. Mimi huamka kwenda kugusa ukuta. Sijui nagusa nini, lakini hugusa.

Mpangaji wetu aliajiriwa pale, kwenye meza ya kulipia, na kazi yake ni ya mwezi, si ya siku. Siku ya mshahara wake wa kwanza alituletea mkate na maziwa, akaketi na mama chumbani chini. Sikuulizwa chochote, lakini kiti cha tatu kilikuwepo, nikaketi.

Mwenye duka alivumilia mpaka baada ya Ramadhani. Watu hawakumkimbia siku moja. Walianza kununua kwake vitu vya dharura tu, kiberiti, ndimu, na vingine wakanunua kule ndani kwenye baridi. Mimi pia. Mara ya kwanza nilipotoka kule na mfuko nilizunguka kichochoro cha nyuma ili nisipite mbele yake, na nadhani aliniona. Alipofunga alimletea mama kikopo cha bizari iliyobaki, akasema anakwenda kukaa kwa bintiye Nyali. "Nitakuja kuwatazama," alisema. Alikuja mara moja. Alikaa nusu saa akiulizia watu, na wengi aliowaulizia walikuwa wamehama.

Yule bwana wa kampuni naye huja, kila miezi michache, mchana, kwa adabu ile ile. Mama humkaribisha, humpa kahawa, humwuliza hali ya watoto wake. Yeye hujibu huku macho yake yakipanda darini, kwenye boriti mpya za kakangu, kisha yakishuka kwenye miguu ya mama iliyofunikwa leso. Hataji kuuza. Huniuliza tu mlangoni akiondoka, "Mama yuaendeleaje?" Nami najua kwa nini auliza. Mama amenyima sahihi yake, lakini siku yake ikifika, karatasi itakuwa kati yangu na kakangu, na upande wangu sijaujua. Baada ya kumsindikiza yule bwana hufunga komeo, hurudi ndani, na mama huniuliza amesema nini mlangoni. Humwambia ameaga tu.