Fusae Yonezawa na kompyuta iliyobaki Ijumaa

Saa mbili na nusu asubuhi, Fusae Yonezawa anabadilisha viatu mlangoni, anavaa ndara za ofisini na kwenda moja kwa moja kwenye meza yake iliyo karibu na dirisha. Chai ya shayiri inapoa pembeni. Kwanza anasoma oda za zahanati, tarehe kwa tarehe, huku akifuata kila mstari kwa kidole.

Yonezawa, mwenye umri wa miaka 64, ni mwandishi wa programu katika kampuni ya kusambaza dawa ya Hokutei, mjini Toyama, Japani. Alistaafu akiwa na miaka 60, akarudishwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara ukiwa nusu ya ule wa zamani. Programu 214 za kampuni hiyo, ambazo nyingi aliziandika akiwa msichana, bado zinafanya kazi kwenye kompyuta kubwa ya ofisini, wanayoiita mashine.

Masika yaliyopita kampuni ilifungua tovuti ili zahanati ziagize dawa kwa simu. Tovuti ni mpya, lakini ndani inaziita programu zilezile za Yonezawa.

Jumatatu moja ya Juni, muuguzi wa zahanati ya Himi, Sayo Minagawa, alishika kichupa cha chanjo kilichotoka Hokutei, akasoma lebo, akakirudisha mezani. Muda wake ulikuwa umeisha jana yake. Mtoto aliyekuwa akisubiri hakuchomwa.

Ofisini lawama zilimwangukia Yonezawa, kwa kuwa programu zake ndizo hukagua tarehe za dawa. Meneja alisema programu zake zimezeeka na zitupwe zote. Sakuma, mhandisi aliyeijenga tovuti, alikubaliana naye.

"Sikulala vizuri," anakumbuka Yonezawa. "Nilikuwa namfikiria yule mtoto tu."

Hakubishana. Alichapisha oda za miezi miwili, akazitandaza sakafuni, akaona makosa yanaanza kila Jumatatu na kukoma Ijumaa. Siku ya tatu akamwita Sakuma.

"Bwana Sakuma, hii tovuti yako huwa inakata mawasiliano na mashine saa ngapi?"

"Haikati, mama. Tunaifungua kila Ijumaa, inabaki wazi wiki nzima. Ndiyo maana ina kasi."

"Basi ndiyo hiyo. Kwenye mashine hii kazi ikianza inapewa tarehe, na inabaki nayo mpaka iishe. Zamani tulikuwa tunaingia upya kila asubuhi. Yako imeingia Ijumaa, imekaa hukohuko. Kwake leo bado ni Ijumaa, na dawa iliyoisha muda Jumapili bado ni nzima."

"Na mimi nimekusema mbele ya watu," akasema Sakuma, kisha akainamisha kichwa.

Akapendekeza tovuti iwashwe upya kila siku usiku wa manane. Yonezawa alikataa, kwa kuwa oda iliyoanza kabla ya saa hiyo ingekatikia njiani. Meneja naye alitaka kila programu isome saa ya mashine. Hilo pia alilikataa. Alijua kwamba baadhi ya programu, kama ile ya kufunga hesabu za mwezi, hurudishwa tarehe nyuma kwa makusudi: hufanya kazi tarehe mbili huku zikihesabu kwamba ni tarehe thelathini na moja ya mwezi uliopita. Ukizilazimisha kusoma saa, mwezi wote unavurugika.

Akazisoma zote 214, moja baada ya nyingine, kwa wiki tano. Tisa zilikuwa za namna hiyo. Ndipo yeye na Sakuma wakaandika programu fupi inayokaa mlangoni mwa tovuti: kila oda inapoingia, kazi inapewa kwanza tarehe ya siku hiyo, ndipo programu ya zamani inaitwa. Zile tisa hazikuguswa.

Tangu Agosti hakuna dawa iliyopitwa na muda iliyotoka ghalani. Yonezawa alikwenda Himi kwa treni kumwomba radhi muuguzi Minagawa, ingawa hakutumwa na mtu.

"Mimi ningeutupa mfumo wote," anasema Sakuma. "Ningetupa na hizo tisa, na nisingejua nimetupa nini."

Yonezawa hazifurahii sana sifa hizo. Anasema kosa lake lipo. Alipoandika programu zile hakuandika sababu za aliyoyafanya.

"Nilidhani nitakuwepo siku zote," anasema.

Sasa, kila alasiri, anafungua programu moja na kuandika juu yake, kwa maneno ya kawaida, inataka tarehe ipi na kwa nini. Amefika ya 61. Mkataba wake unaisha Machi mwaka ujao, na amemwomba meneja amwongezee mwaka mmoja tu.

"Nikizimaliza naondoka. Atakayekuja asisumbuke kuulizia nyumba yangu iko wapi."