Mwalimu Anaringa Siku Hizi

Kabla sijajua kwamba macho yangu yanaondoka, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba naringa. Hapa Ifakara mtu anapimwa kwa salamu. Uwe na nyumba ya bati au ya nyasi, ukimpita mzee bila shikamoo, jioni habari zako zimeshafika sokoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu nimewahi kuwasifu au kuwachapa. Hao hunisalimia wenyewe, tena kwa sauti. Tatizo lilikuwa kwa wale wanaosubiri kusalimiwa, na wa kwanza wao ni jirani yangu. Ni mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Siku hizi ng'ombe wako kwa watoto wake upande wa Malinyi, na yeye anakaa kwenye kigoda nje ya uzio wake, kushoto kwa geti langu, akikagua wapita njia. Asubuhi tatu mfululizo nilimpita kimya. Ya nne akaniita.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

Nikageuka, ndipo nikamwona. Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Akasema mawazo hayazuii mdomo.

Ili nisikosee tena, nikaanza kumpa shikamoo kila mtu mrefu. Nilimpa kijana wa bodaboda, akashtuka pikipiki ikamzimikia. Nilimpa mwanamume niliyemfundisha darasa la kwanza, naye akakosa la kusema, kwa sababu huwezi kumwitikia "marahaba" mtu aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza. Basi nikawa nimehama kutoka kwenye kuringa nikaingia kwenye kuchanganyikiwa. Mdogo wangu wa kike, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akanipeleka hospitali kwa nguvu.

Daktari alisema ni presha ya macho. Imekula kingo za kuona kwangu polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki. Nikaomba miwani. Akasema miwani haitasaidia. Nikamkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeniambukiza. Akaongeza kwamba wanangu nao wapimwe, maana ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo. Hilo nililisikia nikaliacha palepale kwenye kiti chake. Nilikuwa na huzuni yangu ya kubeba.

Kijana wangu wa kwanza, anayefanya kazi ofisini Dodoma, aliposikia alipiga simu. "Mama, mchele mpya ukitoka nakuja kukuchukua. Huwezi kukaa peke yako." Hakuuliza. Nami nikakaa na simu mkononi nikiiwaza Dodoma: vumbi, ukuta wa tofali, na mimi kwenye sofa kama mgeni asiyeondoka, naletewa chai na dada wa kazi. Nyumba hii tuliijenga na marehemu mume wangu, tofali kwa tofali. Sikutaka kuiacha, na nilimwambia hivyo. Tukabishana mpaka tukapatana. Atakuja kukaa siku tatu, hatanisaidia chochote, na akiona ninaweza, ataniacha.

Daktari ndiye aliyenielekeza chumba cha mwisho kwenye korido. Mlangoni pameandikwa Tiba kwa Vitendo. Nilidhani nitapigishwa mazoezi ya viungo, kumbe humo mtu hufundishwa upya kazi zake za kila siku. Nilimkuta binti mdogo mwenye raba miguuni, umri wa kuweza kuwa mjukuu wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Huyu nilikuwa na uhakika naye, alikuwa mbele yangu.

"Nyumbani kuna kazi gani unayoipenda ambayo siku hizi inakusumbua?"

"Hakuna."

Hakubishana. Alinisogezea chupa ya chai na kikombe. "Basi naomba unimiminie chai, mama." Nikaimimina mezani. Alifuta meza taratibu. Nilitamani aseme chochote, nipate sababu ya kugomba. Ndipo nikamweleza yote, mpaka habari ya Dodoma.

Juma lililofuata alikuja nyumbani kwangu kwa baiskeli. Alipita chumba kwa chumba na daftari lake kama mkaguzi wa elimu, na mimi, niliyewaogopa wakaguzi maisha yangu yote ya kazi, nikajikuta nimenyooka ukutani. Bahati mbaya, au nzuri, ilikuwa saa ya kula. Mdogo wangu alikuwa amepika. Nilikula, nikanawa, nikashukuru.

"Mama, umemaliza?" binti akauliza.

"Nimemaliza."

"Nusu ya wali bado ipo."

Mdogo wangu akatupa kitambaa cha vyombo. "Umeona? Kila siku hivyo hivyo! Nikipika mimi anabakiza. Miezi sasa nampikia dada yangu chakula asichokitaka!" Kumbe mwenzangu alikuwa amenihukumu zamani, na kesi sikuambiwa.

Binti alichukua sahani yangu, akauliza kama kuna nyingine ya rangi iliyokolea. Kabatini ilipatikana ya bluu, zawadi ya harusi ya mtu fulani mwenye macho mabaya, tuliyoiona ya aibu tukaificha. Akahamishia wali mle. Nikaona wali! Kila punje iliyobaki, pamoja na kile kipande cha samaki perege ambacho ningeapa sikupewa. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe ulikuwa umepotea machoni mwangu. Bonde zima hili tunalima mpunga, tunakula wali, tunajisifia wali, na tunaupakua kwenye sahani nyeupe vizazi na vizazi. Nilikula mpaka sahani ikang'aa. Mdogo wangu alilia, halafu akacheka, halafu akasema sahani ya bluu bado ni mbaya.

Siku ile na nyingine zilizofuata binti alinifundisha upya nyumba yangu mwenyewe. Kopo la chumvi alilivisha mpira wa manati, la sukari akaliacha bila mpira, vidole vitambue. Ukingo wa ngazi ya mlangoni tukaupaka rangi nyeupe. Chai tukaihamishia kwenye kikombe cheupe, maana ndani ya kikombe cha kahawia ilikuwa haionekani inapopanda. Mdogo wangu alipewa amri ngumu kuliko zote, asipange kitu. Sisi wanawake wa huku ukimtembelea mwenzako ukaona vyombo vimekaa ovyo, mikono haitulii. Unaosha, unapanga unavyopanga kwako, unaaga, na mwenye nyumba anautafuta mwiko siku mbili. Mdogo wangu alikaa jikoni amekumbatia mikono yake kama mgonjwa wa homa. Upendo wake wote ulikuwa kwenye kupanga makabati ya watu.

Zoezi lililonitia aibu ni la barabarani. "Usizungushe macho tu, zungusha kichwa," binti alisema. "Kushoto, mbele, kulia. Kila baada ya hatua chache." Baiskeli za Ifakara hazina kelele, zinakuja na gunia la mpunga nyuma na kengele iliyokufa, kwa hiyo nilikubali. Jirani yangu kwenye kigoda akawa ananitazama.

"Mwalimu, unatafuta mwizi?"

"Nakutafuta wewe. Shikamoo."

"Marahaba! Leo umeniona, au umebahatisha?"

Kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Nikipita na kugeuza kichwa ananipa maksi kwa sauti, na siku nikisahau anakohoa mpaka nirudi kurudia. Nilimchukia kidogo, halafu nikamzoea.

Mpunga ulivunwa, na kijana wangu akaja na begi moja na uso wa hakimu. Aliketi jikoni amekalia mikono yake ili isinisaidie. Nilipika wali wa mchele mpya na perege wa nazi, nikinusa, nikisikiliza sufuria, nikigusa makopo yangu. Sikuunguza, wala sikumwaga. Jioni nilimmiminia chai, nikaweka kikombe kwenye stuli upande wake wa kushoto. Akanyoosha mkono kuchukua simu, akakipiga kikombe kikaanguka.

"Nani kaweka kikombe hapa?"

Nilifurahi kupita kiasi. Mkaguzi kamwaga chai, mkaguliwa hajamwaga tone! Nikamfutia sakafu huku nikiimba, na usiku nililala na ushindi wangu.

Siku ya pili asubuhi alikwenda dukani kununua sukari. Nikamsikia jirani akipaza sauti nje.

"Mwalimu! Na mwanao naye anaringa!"

Nilitoka mbio, kushoto, mbele, kulia, na hasira zangu zote za ualimu. Kijana wangu alikuwa ameshaingia getini na mfuko wa sukari, amesimama amekunja uso.

"Mzee mzima ameketi hapo, unampita kama jiwe? Ndivyo nilivyokulea?"

"Mama, sikumwona. Alikuwa pembeni."

Mzee akacheka, akasema Dodoma imeharibu mtoto. Mimi sikucheka. Nilimtazama mwanangu kwa hayo macho yangu mabovu. Nilimlea mwenyewe, na tangu akiwa na miaka minne hajawahi kumpita mzee bila kumwamkia.

"Na kikombe cha jana," nikamuuliza, "ulikiona?"

"Mama, ni uchovu tu. Nina mawazo mengi ya kazi."

Mawazo. Neno langu lilelile, mahali palepale. Yale niliyoyaacha kwenye kiti cha daktari yakanirudia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa habari za macho yangu. Yangu yalikuwa na miaka yake, yalikuwa yameona mengi. Yeye ana watoto wadogo, na anaendesha gari.

Jioni ile, bila kuombwa, alisema, "Mama, umeshinda. Utabaki kwako." Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miezi. Nilimshukuru, lakini sikusikia utamu wowote. Nikamweleza alichosema daktari kuhusu ukoo. Akaniambia amegonga kioo cha pembeni cha gari mara mbili mwaka huu, na mkewe anamwambia siku hizi hamjali akikaa upande wa kushoto.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mimi kupakiwa kwenye basi kama ningeshindwa. Asubuhi tulitoka pamoja, mimi nimemshika mkono, tukaelekea hospitali. Yeye alidhani ananiongoza. Getini nilimsimamisha.

"Zungusha kichwa," nikamwambia. "Si macho. Kichwa."

Akakizungusha taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nami nikazungusha changu. Mzee alikuwa pale kwenye kigoda chake.

"Shikamoo," tukasema sote wawili.

Hakututania. Aliitikia mara mbili, akimtazama kila mmoja wetu.