Nilivyopeana Mkono na Ukuta

Nimewahi kupeana mkono na ukuta.

Na ukuta ule nusura utunyang'anye ufukwe.

Mimi naitwa Erasmo, mwenyekiti wa waanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, kijiji cha jirani na Mbamba Bay. Ufukwe tunaoanikia, kuna kampuni inautaka ijenge hoteli. Mpiga kelele wa kuipinga ni mimi.

Siku moja Hamphrey, msemaji wao, akanijia kwa upole.

"Mwenyekiti, Mbinga kuna maonyesho ya picha zinazodanganya macho. Unaingia, unacheza nazo. Nakupeleka bure."

Bure. Neno hilo huniwasha mgongo.

Miaka kumi na mitatu nyuma tulisaini mahudhurio ya kikao, tukanyweshwa na soda. Karatasi ileile ikageuzwa kuwa ridhaa yetu, shamba la kijiji likaenda. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Nikaenda nikijua natafutiwa saini. Mlangoni, daftari la wageni.

"Sisaini."

"Jina tu, baba," akasema Kauthar wa mapokezi.

"Hata herufi moja hupati, mwanangu."

Ndani, sakafuni wamechora mashimo ya ngoro kama yale ya mashamba ya Wamatengo kule mlimani. Nikakunja suruali, nikaruka. Mguu ukatua kwenye saruji kavu. Watu hoi kwa kicheko. Na mimi nikalegea.

Ukutani kachorwa bwana wa suti, mkono kaunyoosha, nyuma yake maji na mchanga.

"Mpe mkono, mwenyekiti," Hamphrey akasema, simu juu.

Nikampa. Nikacheka kabisa.

Kalamu sikushika. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki mbili baadaye, mkutano wa kijiji. Hamphrey akakunjua picha kubwa: mimi, meno yote nje, nimeshikana mkono na bosi wao ufukweni.

"Mwenyekiti wenu alishamalizana na mkurugenzi."

Mzee Aidan akanitazama weee.

"Umetuuza kwa kiasi gani, Erasmo?"

"Shikamoo mzee, yule si mtu. Ni ukuta."

Watu wakaguna. Kusema kweli, hata mimi nisingejiamini.

Mama Hildegardi, aliyeanza kuanika usipa mimi sijazaliwa, akaisogelea picha mpaka pua ikaigusa.

"Hamphrey, baba. Hivi vilivyoanikwa kwenye kamba nyuma ya huyu bwana ni nini?"

"Samaki, mama."

"Samaki wa miguu minane? Mimi nimekaa Tanga, nawajua. Hawa pweza. Ziwa letu limeanza lini kuzaa pweza?"

Hamphrey akaigeukia picha.

Kisha kicheko kikaanzia kwa akina mama. Mchoraji alikuwa mtu wa pwani, kachora kwao. Hamphrey akataka kuikunja picha, wakaishikilia. Mpaka leo iko kwetu.

Ufukwe tunao. Mzee Aidan salamu yangu anaitikia, mkono hanipi.

Ndugu zangu, mimi nililinda saini, uso nikaugawa bure. Anayeitaka ardhi yako akikwambia ucheke, muulize kwanza hiyo picha inakwenda kuonyeshwa kwa nani.